Mwito wa Kwanza

Haya aliniambia rafiki yangu Muhonja, na Muhonja hadanganyangi, isipokuwa umri wake. Mwaka wa tisini na sita alimpelekea binti yake Gentrix obusuma, yaani ugali, ukumbini Kakamega, ambako mwalimu mgeni, Kipngetich, alikuwa anatafuta mtu mmoja wa kusomea urubani. Ukivaa kofia yake ya kompyuta unaona giza tupu, kisha unajikuta angani.

"Dada, si ungekata miwa tu?" mwalimu akamcheka Gentrix zamu yake ilipofika.

"Nivishe."

Gentrix alirusha ndege vizuri. Ghafla akasema, "Siitiki! Kwetu anayeita mara moja si mtu, na ukimwitika anakuchukua. Ita tena."

"Rubani akiitwa anaitika palepale! Ushamba huo utakunyima nafasi."

"Ninyime. Siitiki."

Mwalimu akasita. "Lakini sijakuita. Na hiyo kofia ni picha tu, haina sauti."

Akamvua kofia, akang'oa waya wake, akaiweka mezani. Ndani yake kukasikika mchakacho, kama majani makavu ya miwa yanapokanyagwa.

"Kipngetich," kofia ikaita, polepole, mara moja tu.

Na mwalimu, kwa mazoea ya kazi, akaitika, "Naam."