Chumvi Iliyobaki Nyumbani

Kila asubuhi, kabla hata ya chai, Bibi alikaa kwenye kigoda karibu na mlango akajaribu viatu vyake vyeusi vya mkanda. Alikuwa amevitunza kwa safari moja tu: kwenda kumwona mjukuu mchanga, mtoto wa binti yake mdogo. Asubuhi hiyo pia mkanda haukufika kwenye tundu. Miguu ilikuwa imevimba.

"Labda viatu ndivyo vimesinyaa," alisema Bibi. "Navyo vimezeeka."

Mjukuu wake mkubwa alicheka kidogo tu, maana moyoni hakuwa na raha. Nyumbani walimwita Chapuchapu. Alifua chapuchapu, alifagia chapuchapu, na tangu mama yake aende kumtunza mdogo wake aliyejifungua, alipika pia chapuchapu. Ilikuwa likizo. Baba, fundi seremala, alishinda kwenye karakana yake nyuma ya nyumba, na jiko likawa mikononi mwa msichana wa miaka kumi na miwili.

Presha ya Bibi ilikuwa imepanda. Muuguzi wa zahanati alimpa dawa, akamkataza chumvi, tena akasema hakuna safari mpaka presha ishuke. Siku ileile Baba alichukua kopo la chumvi akampa jirani. "Nyumba hii haina chumvi tena," alitangaza, na wote wakaona kazi imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Kila walipokwenda kupima, presha ilikuwa palepale, au imepanda zaidi. Siku hizo Bibi alihema hata akivuka ua. Chapuchapu alimsikia akihema, na kila mara aliacha kazi akaenda kumchungulia.

Jioni moja Baba alimwita karakanani. Aliweka randa chini, akapunguza sauti.

"Mwanangu, siwezi kumuuliza mama mkwe wangu jambo hili, ni aibu. Lakini dawa anakunywa, chumvi hatuna, na presha haishuki. Mwangalie vizuri. Huenda ameficha chumvi chumbani."

Kesho yake, Bibi alipokwenda kuoga, Chapuchapu aliingia chumbani kwake. Alipapasa chini ya mto, akafungua mkoba, akapekua nguo zilizokunjwa. Aliogopa kuikuta chumvi, na aliogopa kutoikuta, kwa sababu hapo asingejua ni nini kinachomuumiza bibi yake.

"Unatafuta nini, mke mwenzangu?"

Bibi alikuwa amesimama mlangoni, taulo begani. Msichana aliinamisha kichwa. "Chumvi, Bibi."

Bibi alikaa kitandani. Safari hii hakutania.

"Nimelea watoto mpaka nimezeeka, leo napekuliwa kama mwizi wa kuku. Mimi sina chumvi. Ila ulimi wangu haujachoka kama miguu. Chakula chako kina chumvi kuliko hata cha mama yako. Nilidhani unanitilia kidogo kwa huruma, nikanyamaza nisikuponze kwa baba yako."

"Sijatia hata punje, Bibi. Haki ya Mungu."

Kisha Chapuchapu akakimbilia jikoni.

Rafuni palikuwa na pakiti za tambi, soseji, na supu ya unga. Mchana alipika tambi, jioni supu na soseji. Maji yakishachemka tu, chakula kipo tayari. Alichana kile kipakiti cha viungo kinachokaa ndani ya tambi, akalamba unga wake. Ulimi ulimwasha. Ilikuwa chumvi, na kila siku aliimimina yote.

Alilia pale pale. Alitamani kuzitupa pakiti zote jalalani na kunyamaza. Nani angejua? Lakini Baba angeendelea kumshuku Bibi, na Bibi angebaki na aibu isiyo yake. Alifuta machozi, akazitia pakiti kwenye mfuko, akaenda karakanani kusema kila kitu.

Baba alisikiliza, akakuna kichwa. "Na mimi ndiye ninayezinunua," alisema mwishowe. "Twende zahanati, sote."

Muuguzi alisoma maandishi nyuma ya pakiti, akatikisa kichwa.

"Umefanya vyema kusema," alimwambia Chapuchapu. "Mngekaa kimya, ningeongeza dawa bure. Vyakula vingi vya viwandani hutiwa chumvi ili vikae muda mrefu na kunoga. Ukivila siku mojamoja, si neno. Kosa ni kuvifanya chakula cha kila siku, na hilo linawahusu hata ninyi mnaojiona wazima."

Nje, Baba alisimama mbele ya mama mkwe wake, kofia mkononi. "Nisamehe, Mama."

"Nimesamehe. Lakini nitengenezee kigoda kingine cha jikoni, nikae nimfundishe huyu mke mwenzangu kupika."

Mafunzo hayakuwa mepesi. Maharage yalilowekwa tangu jana yake, na Chapuchapu aliyafunua kila dakika kama anayechungulia mtoto aliyelala. Mchicha ulioshwa jani kwa jani. Badala ya chumvi, Bibi alitumia nyanya, kitunguu saumu na ndimu. Siku za mwanzo Baba alisema anakula maji ya mvua. Baadaye akaanza kuomba aongezewe.

Hofu haikuondoka upesi. Kila siku ya kupima, Chapuchapu alikaza macho kwenye uso wa muuguzi. Presha ilishuka kidogo, kisha kidogo tena, mpaka siku moja muuguzi akatabasamu, akasema safari imeruhusiwa.

Asubuhi ya safari Bibi alikaa kwenye kigoda chake karibu na mlango. Chapuchapu alipiga magoti, akavuta mkanda huku amebana pumzi. Ukafika kwenye tundu.

"Mjukuu wangu," alisema Bibi, "tuligawa kopo tukadhani tumegawa chumvi. Kabla hujakitia kitu kwenye sufuria, kijue kwanza. Kumpikia mtu ni kumshika roho yake."

"Nimesikia, Bibi."

Bibi alisimama, akatembea mpaka uani na kurudi bila kuhema.

"Basi beba mkoba wangu," alisema. "Leo nakuruhusu kwenda chapuchapu."