Foronya Kwenye Mdomo wa Bomba

Ndugu zangu, na hasa ninyi mnaopenda kusema "bado inafanya kazi" kila mnapoambiwa kitu chenu kinahitaji matengenezo, hadithi hii ni yenu. Kaeni vizuri.

Palikuwa na nyumba moja ya dobi ambayo ukipita asubuhi ungetamani kuingia. Uani mashuka yametandazwa kwenye kamba, meupe kiasi cha kukufanya ufinye macho. Ndani pasi zinateleza juu ya nguo, mvuke unapanda, na redio inaongea peke yake bila kusikilizwa na mtu. Dobi mwenyewe aliitwa Bwana Pe, kwa sababu mteja akimuuliza kama doa litatoka, alijibu, "Litatoka, na nguo itakuwa nyeupe pe!" Hakuwa na mpinzani mtaani, naye alilijua hilo.

Nyuma ya chumba cha kupigia pasi kulikuwa na chumba kidogo cha boila iliyochoma dizeli na kuwapa maji ya moto. Boila hiyo haikuwa na dohani ya kupanda hadi juu ya paa. Bomba lake lilipenya ukuta moja kwa moja na kutokea uani: bomba ndani ya bomba, la ndani likitoa moshi, la nje likivuta hewa safi ya kulisha moto. Aliyeifunga ni fundi hodari ambaye mtaa mzima ulimwita Maneno, maana akianza kueleza jambo, chai hupoa mbele yake. Siku ya kuifunga alieleza mengi. Mdomo wa bomba uwe wazi siku zote, mbali na madirisha na kamba za nguo. Wavu wake usafishwe. Na yeye aitwe kila mwaka kusafisha kichomeo na kukagua viungo vya bomba. Bwana Pe aliitikia "sawa, fundi" nyingi, huku akili yake iko kwenye mashuka ya hoteli.

Katika chumba hicho cha boila aliketi mama mkwe wake. Magoti yalimsumbua, na lile joto lilimfaa kuliko dawa. Aliwekewa kiti kizuri, akawa anakunja taulo na kumchokoza binti yake kupitia mlangoni. Bwana Pe alimheshimu mno. Mbele yake hakupandisha sauti, wala hakuketi kabla yeye hajaketi. Tena alimpenda kwa dhati, maana mama huyu ndiye aliyesimama upande wake wakati wa posa, pale ukoo mzima ulipomwona si lolote si chochote.

Mwaka ukapita, na mwingine ukaufuata. Mkewe akamkumbusha.

"Mwenzangu, tumwite Maneno aje aitazame boila."

"Maji si yanapata moto?"

"Yanapata."

"Basi tumwite wa nini? Aje atueleze habari za dizeli tangu dunia iumbwe?"

Mke akacheka, naye akacheka, jambo likaishia hapo. Mnaona? Nyumba nyingi huharibika hivyo hivyo, wenyewe wakicheka.

Kazi ilipozidi, Bwana Pe aliongeza kamba uani, na ile mpya ikapita karibu na mdomo wa bomba. Haikupita muda, mteja wa hoteli akarudi na shuka lenye vidoa vyeusi vya masizi. Akalikunjua juu ya meza, mbele za watu.

"Bwana Pe, hii ndiyo pe?"

Maneno hayo yalimchoma. Mtu mwingine angejiuliza kwa nini moto unatoa masizi. Lakini dobi huwaza kidobi: kwake doa ni adui wa kufutwa, si mjumbe wa kuulizwa habari. Akachukua foronya kuukuu, nzito, akaifunga kwa waya kwenye mdomo wa bomba kama anayechuja chai. Jioni foronya ilikuwa nyeusi tii na mashuka meupe pe. Akamwita mkewe ajionee.

"Na moshi unapita wapi?" mke akauliza.

"Si unapita humo humo kwenye kitambaa? Unaacha uchafu wake, unaendelea na safari."

Mwanzoni alibadilisha foronya kila siku. Baadaye akawa anasahau. Boila nayo ikaanza kujizima. Ilikuwa na kitufe chekundu, na Maneno alikuwa amesema: ikijizima, bonyeza mara moja, ikijizima tena, usiguse kitu, niite. Bwana Pe akawa anakibonyeza kama kengele ya mlango.

Wenye nyumba wakaanza kuumwa vichwa. Mke alilaumu mvuke, mume akailaumu redio. Hakuna aliyegundua kwamba kichwa kiliacha kuuma kila walipotoka kwenda sokoni. Siku moja mama mkwe alisema, "Baba, chumba hiki siku hizi kinanilevya." Bwana Pe akacheka, kwa kuwa mama alikuwa mtu wa utani, akamletea mto mwingine wa kuegemea. Na alipomwona amesinzia, alifurahi kikweli. "Mama siku hizi anapata usingizi mtamu," alimwambia mkewe.

Ndugu zangu, kuna usingizi wa kufurahia na kuna usingizi wa kupigia kelele.

Asubuhi moja kulikuwa na baridi, na mlango wa chumba cha boila ulifungwa ili joto lisitoke. Mke alikuwa mbele akihudumia wateja. Maji yakapoa, Bwana Pe akaenda kubonyeza kitufe chake. Akamkuta mama mkwe amelala, taulo imemwangukia miguuni. Akanyata. Akabonyeza, kitufe kikalia. Akaiokota taulo, akaiweka taratibu, akaanza kurudi kinyumenyume, asije akamwamsha mkwewe.

Alipofika mlangoni kichwa kilimzunguka. Akajishika ukutani. Ndipo akamtazama mama vizuri. Huyu ni mtu ambaye hata paka akipita humwambia neno. Mbona kitufe kimelia na hajatikisika?

"Mama," akaita kwa sauti ya heshima. Akaita tena kwa nguvu. "Mama!"

Mkono wake ukasita. Hajawahi kumgusa mkwewe zaidi ya kumpa mkono wa salamu. Haya hiyo ingemuua mama, nawaambia. Lakini Bwana Pe alipiga moyo konde, akamtia mikono chini ya kwapa, akambeba mzima mzima, huku akipiga yowe ambalo nyumba ile haijapata kulisikia.

"Njoo! Mama! Fungua milango yote!"

Mkewe na wateja wakaja mbio. Wakamtoa uani, wakanyofoa mashuka kwenye kamba na kumlaza juu yake, mashuka safi ya hoteli, chini kwenye udongo. Mke akamsugua mikono huku akilia. Mama akavuta pumzi moja ndefu, akakohoa. Wakamkimbiza hospitali, akawekewa oksijeni, na daktari akawaambia wazi: amevuta gesi ya sumu itokayo kwenye moto usiochoma vizuri. Haionekani wala haina harufu. Wangekawia kidogo tu, wangekuwa wanazungumza mengine.

Maneno alikuja, akaifungua foronya bila kusema neno, na ukimya wake ulimtisha Bwana Pe kuliko kelele. Kisha akamwonyesha kiungo cha bomba kilichoachia. Moshi ulipokosa njia ya kutokea uani, ulirudi ukapita hapo, chumbani kwa mama. Akabadilisha kiungo, akasafisha kichomeo na wavu, akahamisha kamba ya nguo, akafunga ukutani king'ora cha kutambua gesi. Alieleza kila kitu, naye Bwana Pe alimsikiliza hadi mwisho.

Mama alirudi nyumbani salama, akiwa mwembamba kidogo ila mdomo wake uko vile vile. Bwana Pe hakuweza kumtazama usoni.

"Mama, nisamehe. Uliniambia, nikadhani ni utani."

"Baba, kichwa kiliniuma wiki nzima," mama akasema. "Sikukwambia mara ya pili. Nilisema nisije nikaonekana mama mkwe mlalamishi kwenye nyumba ya watu."

Bwana Pe alilia palepale, mbele ya mkwewe, bila kujificha. "Mama, katika nyumba hii lalamika. Nakuomba."

Basi, tangu hapo mama analalamika asubuhi hadi jioni, na hakuna mwenye raha kumshinda Bwana Pe.

FUNZO

Kifaa chenye moto kina haki ya kupumua. Mdomo wa bomba lake usizibwe, hata kwa kitambaa safi, na fundi aitwe kabla hakijaharibika. Masizi yakionekana, usiyafiche. Uliza yametoka wapi. Boila ikijizima yenyewe, usishindane nayo. Kichwa kikiwauma wote mlio ndani, tokeni nje kwanza, mjadiliane baadaye.

Na heshima, ndugu zangu, isiwafunge midomo. Mkubwa akilala kupita kawaida, mwamsheni. Akikasirika, mshukuru Mungu kwamba ameweza kukasirika.