Paka Mwenye Majina Manne

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kimya alining'iniza ufunguo shingoni, akafungua dirisha la bluu la jikoni kiasi cha kumpitisha paka.

"Nenda katembee," alimwambia Soksi. "Angalau mmoja wetu awe na pa kwenda."

Kimya halikuwa jina lake. Wanafunzi wenzake walimpachika wiki ya kwanza, nalo likamganda. Yeye na mama yake walikuwa wamehamia mtaani hapo miezi miwili iliyopita, wakitoka shambani kwa babu, ambako Soksi alizurura mchana kutwa na kurudi na majani mkiani. Sasa mama alikuwa dobi wa hospitali. Alitoka alfajiri, hata Jumapili, na kurudi jioni akinukia sabuni, amechoka hoi.

"Usimfungulie mtu mlango," aliagiza kila siku.

Kimya alitii. Mtu alipobisha, alijikunyata kitandani mpaka nyayo ziondoke. Kisha nyumba ilitulia tena, naye akabaki na upweke wake. Alikuwa na Soksi tu, na hakutaka Soksi naye afungiwe ndani.

Alhamisi moja aliporudi kutoka shuleni, alimkuta Soksi chini ya meza, amelegea, ufizi unatoka damu. Kimya alimwita, akambembeleza, mwishowe akaangua kilio. Hakuna aliyemsikia. Akamlaza kwenye kikapu cha nguo, akatimua mbio hadi kwa daktari wa mifugo, nyuma ya duka la chakula cha kuku.

Daktari alikuwa mwanamke mwenye miwani iliyoteremka hadi ncha ya pua. Alimfungua Soksi mdomo, akatikisa kichwa.

"Huyu amekula sumu, au amekula panya aliyekula sumu. Lakini sumu ziko nyingi, mwanangu, na hazitibiwi kwa dawa moja. Huwa anazurura wapi?"

"Sijui."

"Paka ni wako, na hujui?"

"Namfungulia dirisha tu, kisha naenda shule."

"Basi kaulize mtaani. Niletee pakiti ya hiyo sumu. Usikawie, hali yake si nzuri."

Kuulizia mtaani! Afadhali angeambiwa apande juu ya paa. Lakini Soksi alikuwa amelala pale mezani akihema kwa shida, kwa hiyo alikwenda.

Alianzia gereji. Fundi alichomoza kichwa kutoka chini ya gari. "Mwenye miguu myeupe? Si Spana huyo! Hupenda kulala juu ya injini yenye joto. Juzi nusura niwashe gari naye yumo ndani. Ila hapa sina sumu."

Muuza chai wa jirani alishika kiuno. "Mgeni, maana ndivyo nimwitavyo, anaumwa? Masikini! Kutwa ananizunguka miguuni. Juzijuzi nimeponea chupuchupu kummwagia maji ya moto. Hebu jaribu ghalani."

Kimya alisimama kidogo njiani. Miezi miwili yeye hakuwa na hata mtu wa kumsalimia, kumbe paka wake alikuwa na wenyeji mtaa mzima. Alitaka kucheka, akajikuta analia.

Mtunza ghala la mahindi, mzee mrefu mwenye vumbi la nafaka hadi kwenye nyusi, aliposikia habari alikaa kitako juu ya gunia.

"Askari? Jamani, Askari wangu! Sumu ya panya niliiweka Jumatatu. Lakini Jumapili nilipita nyumba kwa nyumba, nikawaambia watu wafungie wanyama wao. Ile nyumba ya dirisha la bluu nilibisha mara tatu, sikujibiwa."

Kimya alizikumbuka zile nyayo. Angeweza kusema hawakuwepo, na mzee angeamini.

"Nilikuwamo ndani, mzee," alisema. "Nilikusikia."

Mzee alimtazama, wala hakumkemea. Alichukua pakiti. "Twende."

Daktari aliisoma, akajaza sindano. "Hii ina dawa yake. Ungechelewa hadi kesho, nisingekuwa na la kufanya."

Mama alifika akitweta, bado amevaa aproni ya kazini. Muuza chai ndiye aliyemwelekeza. Kimya alimweleza yote bila kuficha, hata kwamba alimwachia Soksi dirisha azurure kama shambani, na daktari alisikia.

"Na mimi nina kosa," mama alisema akimkumbatia. "Nilikukataza kufungua mlango, sikukufundisha kuuliza ni nani."

"Nisikilize, mwanangu," daktari alisema. "Shambani Soksi alizijua hatari zake, nyoka na mwewe. Hapa kuna injini, maji ya moto na sumu, naye hajui hata kimoja. Ulimwachia njia kwa mapenzi, lakini anayempenda mnyama humlinda. Tena ulimtuma nje kwa sababu wewe unaogopa kutoka. Mfungie dirisha, kisha utoke wewe."

Soksi alirudi nyumbani baada ya siku nne, amekonda. Mzee wa ghala alikuja kutia wavu dirishani. Alibisha, Kimya akauliza ni nani, mama akafungua.

Jumatatu asubuhi, Soksi alikaa nyuma ya wavu akimtazama Kimya akienda shule. Mbele ya gereji, fundi alipaza sauti.

"Spana hajambo?"

Kimya alisimama.

"Hajambo. Anaitwa Soksi."

"Ahaa! Na wewe je?"

Akamtajia jina lake.