Kibuyu cha Phocas

Kwanza ilikuwa sauti tu: mrija unaofyonza chini ya chombo kitupu, srrr, srrr, kwenye kona, na kabare ya Thacienne, kilabu chake cha pombe, haikuwa na mtu.

Alidhani ni panya. Gisenyi mwaka ule wa 1957 hata panya walikuwa na njaa. Ndizi za Rugerero zilipanda bei kwa kuwa wanunuzi wa Goma walizidaka njiani kabla hazijafika sokoni. Chumvi ikapanda, mafuta ya taa yakapanda, na mwenye nyumba akapandisha kodi. Vijana wenye mshahara walikwenda kucheza muziki wa gramafoni kando ya ziwa na kunywa bia ya chupa. Kwa Thacienne walibaki makuli na wavuvi, na pesa zao za Jumamosi ndizo zilizomweka chini ya paa.

Mumewe Phocas alizama na mtumbwi wa makaa katikati ya ziwa, na mwili haukuonekana. Tangu hapo, kila Jumamosi kabla ya kufungua, Thacienne alimwekea kibuyu kidogo cha bia ya ndizi kwenye kona, mrija wake ndani, kama wanavyowekewa wafu wa nyumba. Safari hii alikitazama kibuyu, akautazama mtungi uliojaa nusu. Akamimina maji ya ziwa kibuyuni.

"Nisamehe, Phocas," alisema. "We haulipi nyumba."

Jioni wateja wakauzunguka mtungi. Desturi ni muuzaji kuonja kwanza mbele ya watu, wajue hakuna sumu. Thacienne akafyonza: bia tamu, kali vizuri. Akampisha Sibomana, kuli wa mpakani.

Sibomana alifyonza, akatema.

"Bon, Mama, tulilipa kunywa, hatukulipa kuoga!"

Watu wakacheka. Mvuvi mzee Sebagabo akaonja, na yeye hakucheka.

"Hii ni maji ya katikati," alisema polepole. "Kule kwenye kina. Mi nayijua."

Kabare ikabaki tupu. Usiku ule Thacienne alilala na taa ikiwaka, na sauti ikarudi, srrr, si kwenye kona tena bali karibu na mlango wa chumba, kisha chini ya kitanda, na harufu ya tope na makaa yaliyolowa ikapanda kupitia mkeka, ikapita godoro la majani, ikamwingia puani na kinywani, naye akalala macho wazi, bila kuthubutu kushusha mguu, kwa sababu aliisikia sakafu ya udongo, kavu tangu kiangazi kianze, ikichezacheza kama maji yanayogonga ubavu wa mtumbwi.

Asubuhi alimwita Dauda, fundi cherehani wa mtaa wa Waislamu, ambaye pia aliwasomea watu Kurani. Dauda alichoma udi. Moshi haukupanda. Ulitambaa sakafuni mpaka kwenye kona, ukazama ndani ya kibuyu.

"Ni nani, Mwalimu?" Thacienne alinong'ona.

"Nyinyi munasema muzimu. Sisi tunasema jini, limevaa kiu ya bwana yako. Ulimunyima nini?"

"Bia. Nilimupa maji."

"Na hayo maji, uliyaonja kwanza mbele yake?"

Thacienne alitikisa kichwa.

"Donc, basi, ulimupa kitu ambacho we mwenyewe haukuonja." Dauda alikunja mswala wake. "Kwenye mtungi nitamutoa. Wateja watarudi. Lakini ile deni ya kuonja ni yako na yeye. Hapo mi siwezi kuingia."

"Nyumba itabaki?"

"Nyumba itabaki."

"Basi soma, Mwalimu."

Alisoma mpaka adhuhuri. Kibuyu kikapasuka chenyewe, na harufu ikaisha.

Jumamosi kabare ilijaa, Sibomana mbele ya wote.

"Haya, onja, Mama! Tusioge tena!"

Thacienne akainama, akafyonza. Maji ya ziwa yakamjaa kinywa, baridi, yenye mchanga na makaa. Macho yote yalikuwa kwenye midomo yake. Akitema, wataondoka, na mwenye nyumba atakuja. Akataka kuachia mrija; maji yakaendelea kuja yenyewe. Kisha kitu kidogo, chenye magamba, kikapita juu ya ulimi wake, kikijipinda.

Akameza.

"Iko muzuri," alisema, akatabasamu. "Kunyweni."

Wakanywa. Bia ilikuwa tamu, wakaagiza mtungi wa pili.

Na mtungi wa pili nao, kama desturi, ulitaka kuonjwa.