Nafasi ya Bibi kwenye Sendofu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Demetria alimkanda bibi yake goti kwa maji ya moto. Walikaa Ukonga.

"Shikamoo, bibi. Goti limelalaje?"

"Marahaba. Limelala vizuri kuliko mie."

Bibi Tusajigwe alikuwa na kisukari, na goti lake lilikuwa limesagika. Miezi miwili nyuma, daktari alimpima sukari kwanza, kisha akamchoma sindano ya goti.

"Hii inapunguza maumivu, haiponyi goti," alimwonya. "Inaweza kupandisha sukari kwa siku kadhaa. Mara chache vijidudu huingia ndani. Usirudie bila kuniona."

Bibi alisikia neno moja tu: inapunguza maumivu.

Maumivu yalirudi wiki ya sendofu ya shangazi Blessing, binti wa mwisho wa Bibi. Katika sherehe hiyo ya kumuaga binti anayeolewa, mama hutangulia mbele akicheza, binti anamfuata kuingia ukumbini. Bibi alikuwa ameisubiri siku hiyo miaka mingi. Akamchukua Demetria, wakaenda kwa Ferdinand, jirani aliyekuwa akiwachoma watu sindano sebuleni kwake.

"Umeshachomwa nyingine?" Ferdinand aliuliza.

"Sijawahi," Bibi alijibu, huku akimkanyaga Demetria mguu.

Ferdinand hakupima sukari. Hata mikono hakunawa kabla ya kumchoma.

"Shangazi yako asijue," Bibi alisema njiani. "Ukimwambia, hutacheza na mie kwenye sendofu."

Kesho yake Bibi alicheza jikoni, mwiko mkononi. "Angalia kiuno hicho. Bi harusi nani, mie au Blessing?"

Siku iliyofuata goti lilivimba na kuwa la moto. Bibi alitetemeka na kunywa maji bila kukata kiu. "Malaria tu hii," alimwambia Blessing. Demetria akaitunza siri ya sindano. Asubuhi ya sendofu, Bibi alianza kumwita Blessing kwa jina la dada yake mwenyewe aliyekwisha kufa. Wakamkimbiza hospitali.

"Goti hili limechomwa nini?" daktari aliuliza.

Blessing hakujua. Bibi alitikisa kichwa kukataa. Demetria alimtazama, kisha akasema huku analia, "Sindano. Kwa Ferdinand. Bibi alisema nisiseme."

Bibi aliingizwa chumba cha upasuaji, goti likasafishwa usaha.

"Sukari ilikuwa juu sana," daktari alimwambia Blessing. "Bila huyu mtoto kusema, tungepoteza muda, na mama yako tungempoteza."

Wageni walikuwa wameshafika kutoka Mbeya. Jioni ile Blessing aliingia ukumbini akilia, bila mtu wa kumtangulia.

Bibi alipona, ila goti halikunjiki tena. Siku aliyorudi nyumbani, Demetria alimwonyesha video ya sendofu kwenye simu. Bibi aligusa sehemu tupu mbele ya bi harusi.

"Hapo ndipo pangu," alisema. "Sikiliza, mjukuu wangu. Sindano ile ina kazi yake, na ina madhara yake. Daktari aliniambia, nikajifanya sijasikia. Halafu nikadanganya, na wewe nikakufundisha kudanganya. Mtu mzima akikwambia ufiche ugonjwa wake, usimtii. Hata akiwa mie."

Kisha akaomba video irudishwe mwanzo.