Dozi ya Jana

Kifuniko cha birika kiligongagonga jikoni kabla hakujapambazuka, nikajua Mshale ameamka. Mjukuu wangu huyo tulimpa jina hilo kwa sababu ya mbio zake. Tangu nianze tiba ya mionzi kwa saratani ya koo, yeye ndiye aliyenipozea chai ikawa vuguvugu isinichome, kisha akanishika mkono hadi hospitalini kabla ya kwenda shule.

Asubuhi hiyo aliniletea chai, lakini hakuniletea viatu.

"Bibi, hospitali wamepiga simu," alisema akitazama sakafu. "Mashine imeharibika. Tusiende leo."

"Kumbe hata mashine huchoka!" nilicheka. Simu yetu hukaa kwake, kwa kuwa macho yangu hayaoni vizuri. Nikajilaza tena.

Kesho yake tulikwenda. Mtaalamu wa mionzi, dada mmoja mchangamfu ambaye hunifunika miguu kwa shuka bila kuombwa, alitupokea kwa wasiwasi.

"Bibi, jana tulikungoja hadi jioni. Ulizidiwa?"

"Si mlisema mashine imeharibika?"

"Mashine ipi tena? Imefanya kazi kutwa nzima!"

Nikamgeukia Mshale. Machozi yalikuwa yanamlengalenga.

"Nisamehe, bibi. Jana mwalimu alikuwa anachagua timu ya mbio. Ningechelewa, ningeachwa." Akamgeukia mtaalamu upesi. "Lakini dada, si mnaweza kumpa dozi ya jana na ya leo kwa pamoja? Jumla ni ile ile!"

Mtaalamu hakumcheka. Alivuta kiti akaketi.

"Mkimbiaji, kila siku unazunguka uwanja mara ngapi?"

"Mara kumi."

"Haya, zunguka leo mizunguko ya wiki nzima, bila kupumzika."

"Wee! Nitazimia!"

"Kwani jumla si ile ile?"

Mshale alitikisa kichwa.

"Mionzi huua seli za ugonjwa," mtaalamu alieleza, "lakini hujeruhi pia seli nzima, zisizo na ugonjwa, zilizo jirani. Tukiitoa kidogo kidogo, seli nzima hupata nafasi ya kujitengeneza kabla ya dozi nyingine. Zile za saratani hazijitengenezi vizuri kama hizo. Tukitoa mingi kwa mpigo, koo la bibi litaungua, ashindwe kumeza hata maji. Na tukiruka siku, ugonjwa nao hupata mwanya wa kukua."

"Kwa hiyo nimemharibia bibi?" Mshale aliuliza.

"Ngoja nimwone daktari."

Tulikaa kwenye benchi, vidole vyake vimeng'ang'ania kanga yangu. Mfagizi alituona, akaniletea kiti chenye mto. Mungu ambariki.

Mtaalamu alirudi akitabasamu. "Daktari amekubali. Bibi atapata dozi moja sasa na nyingine jioni, baada ya masaa yasiyopungua sita, ili mwili upumzike katikati. Itabidi mshinde hapa."

Mshale alinigeukia. "Jana nilichaguliwa, na mazoezi ya kwanza ya timu ni leo mchana. Asiyefika anaondolewa."

"Nenda, mwanangu," nilimwambia. "Hawa watu wema watanitunza."

Alinitazama, akautazama mlango. Kisha akauweka mfuko wake wa shule chini ya benchi.

"Nakaa, bibi."

Jioni, walipokwisha kunivua kile kinyago kinachoshika kichwa kisitikisike, nilimkuta amesimama pale pale mlangoni.

"Ahsante kwa kushinda nami," nilimwambia. "Ila sikiliza. Ungeniambia ukweli, tungemwomba huyu dada atubadilishie saa. Ungekimbia, nami ningetibiwa. Njia ya mwongo ni fupi, mjukuu wangu. Na mwili una mwendo wake wa kupona. Hauendi kwa haraka zetu."

"Nimeelewa, bibi. Sitarudia."

Hatukukosa siku nyingine tena. Timu ilikwenda mashindanoni bila Mshale, naye akaanza kujiandaa kwa uchaguzi wa muhula uliofuata.

Siku ya dozi ya mwisho, daktari alinipapasa shingo akasema uvimbe umenywea sana. Niliwashukuru wote mmoja mmoja, hata mfagizi. Mtaalamu alitusindikiza hadi getini, akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

"Bibi, usitutupe. Hata kama huumwi popote, njoo utusalimie. Na huyu mkimbiaji, uje naye."