Shimo Lisilonuka

Hatua ya kwanza haikutoa sauti. Ya pili ililia tik. Kimya tena, halafu tik, kutoka mwisho wa ukumbi wa ghorofani mpaka kwenye mlango wa dada yake, na hapo ikasimama.

Karani aliganda jikoni, buti moja la shemeji yake mkononi. Ilikuwa saa saba mchana. Nyumba nzima ilikuwa na watu wanne, na Karani alijua kila mmoja alipo. Mpishi yuko mbele yake, anamenya viazi. Dada yuko kitandani, siku ya sita hajasimama. Shemeji, mkuu wa kituo, yuko ofisini, anaongea redioni habari za mtu anayempenda kuliko wote, yaani yeye mwenyewe.

"Mama, umesikia?" alinong'ona.

"Nasikia tangu juzi," Mpishi akajibu bila kuinua macho. "Nikadhani mtu akisoma sana masikio yanaziba."

Kituo kilikuwa kwenye rasi ya kaskazini kabisa ya kisiwa, pale nchi ilipochoka ikajitupa baharini. Majabali yalikuwa meusi, ila mabegani yamekuwa meupe kwa vinyesi vya shakwe. Chini yake sili wanene walijilaza kwenye miamba, wakiguna kama walevi walionyang'anywa mto wa kulalia. Juu kulikuwa na nyasi fupi zilizonyolewa na upepo, na chini ya nyasi hizo maelfu ya mashimo. Humo walitaga ndege wa baharini, weusi mgongoni, weupe tumboni, ambao walirudi na ukungu wakilia kama watoto waliobanwa na mlango. Kiangazi jua halikuzama. Lilishuka mpaka ukingoni, likachungulia, likapanda tena. Kwa hiyo mtu akiogopa, hakuwa na giza la kusingizia.

Kazi yao ilikuwa kuvisha ndege pete. Unalala kifudifudi, unatia mkono shimoni mpaka begani, unamtoa ndege. Unamtazama, unampima, unambana mguuni kipete cha bati chenye nambari kwa koleo, Karani anaandika, unamwachilia. Sharti lilikuwa moja: usimvishe usiyemwona. Mpishi, aliyezaliwa kisiwani, aliongeza lake, nalo halikuandikwa popote: nusa kwanza. Shimo la ndege linanuka mafuta ya samaki. Lisilonuka kitu lina mwenyewe.

Shemeji aliitwa Mtaalamu. Alijiita hivyo mwenyewe, na watu wakaona uvivu kubishana. Wiki iliyopita walikuja wageni watano wa chama cha wapenda ndege, na kamera zao. Mvua ikinyesha, Mtaalamu alilala kwenye shimo la ukingoni, mkono ndani, akiwahutubia kuhusu subira. Robo saa nzima ndege hakutoka. Subira ikamwishia kabla ya hotuba. Akaingiza na koleo, akabana humo humo gizani.

"Tayari! Andika: jike, mzima, gramu mia nne."

"Shemeji, hatujamwona."

"Mimi nimemwona kwa vidole."

Wageni wakapiga makofi. Karani, akiona haya kumwaibisha mume wa dada yake mbele ya watu, akaandika. Akauliza ndege ameachiliwa saa ngapi. "Saa tisa," akaambiwa, ingawa hakuna kilichoruka isipokuwa mate ya Mtaalamu. Hata hilo akaliandika.

Kesho yake dada akaanza kuhisi baridi.

Sasa Karani alipakua supu, akapanda nayo ngazi, na kila ngazi aliyokanyaga supu ilipungua harufu, kitunguu kikaondoka, chumvi ikaondoka, mpaka alipofika ukumbini akawa amebeba bakuli la maji ya moto yasiyonuka chochote, na ukumbi wenyewe haukunuka sabuni wala unyevu wala ugonjwa, kana kwamba kuna mtu alikuwa amevuta hewa yote na kuirudisha tupu, na alipousukuma mlango kwa kiwiko aliona upande wa kitanda anaolala Mtaalamu umebonyea, shuka limelowa, na bonde lile kwenye godoro lilikuwa likizama taratibu zaidi, kama mtu anayejiweka vizuri.

"Usikae hapo, mdogo wangu," dada alinong'ona. "Pana mtu."

Alikuwa amesogezwa mpaka ukingoni mwa kitanda. Pete yake ya ndoa ilifungwa kwa uzi isidondoke, kwani kidole kilikuwa kimebaki mfupa.

"Anakufanya nini?"

"Hanifanyi kitu. Ananisubiri niishe."

Chini ya kitanda kitu kikagusa mbao. Tik.

Karani hakukumbuka alivyoshuka. Alijikuta ofisini, Mpishi nyuma yake na kisu cha viazi bado mkononi, na yeye akieleza yote kwa pumzi moja. Mtaalamu alisikiliza huku akinyoosha masharubu mbele ya kioo cha dirisha.

"Mama," akamwambia Mpishi, "mimi ni mtu wa sayansi."

"Na yule ni mtu wa shimoni. Ulinusa?"

"Ninuse? Mbele ya kamera?"

"Ukamvisha pete, ukamtangaza jike mzima, mashahidi watano wakapiga makofi, karani akaandika. Bosi, kwenu ndoa inafungwaje? Mkeo mpya kahamia kwake. Mke mkubwa anamzibia nafasi, basi anamtoa."

"Upuuzi."

"Aliyevisha ndiye wa kuvua. Shimo lile lile, mkono ule ule. Dada wa watu hafiki kesho."

"Yaani nikalale matopeni kwa maneno ya jikoni?"

Karani akalichukua daftari la pete mezani, akalibana kwapani.

"Basi usiende, Shemeji. Saa kumi nitawasomea chama redioni mstari wako. Nitasema ndege huyu hakuonekana na mtu yeyote."

Mtaalamu akasimama, akatafuta koti. Mke kufifia ghorofani hakukumwinua, mstari ulimwinua.

Rasini ukungu ulikuwa umekaa. Shakwe walinyamaza, sili walinyamaza. Karani aliinama juu ya shimo akanusa: hakuna kitu, hata udongo. Mtaalamu akalala kifudifudi, mkono na koleo ndani, miguu yake mirefu imetupwa nyuma katikati ya mashimo mengine.

"Nimempata," akasema. "Mguu ni... laini. Una joto."

"Vua, Shemeji. Usituhadithie."

"Una vidole vitano."

Halafu, kwa mara ya kwanza tangu aoe katika familia yao, akanyamaza. Koleo likalia chini ya ardhi. Karani alikuwa amepiga magoti mbele yake, uso kwa uso, ndipo akaona buti la kushoto, kule nyuma, likivutwa mpaka kifundo ndani ya shimo jingine, likatulia humo muda wa mtu kuandika mstari mmoja, kisha likasukumwa nje.

"Acha kunishika mguu!" Mtaalamu akafoka.

"Mikono yangu hii hapa," Karani akasema.

Mtaalamu akachomoa mkono. Kiganjani kulikuwa na kipete kilichofunguka. Akacheka kwa sauti kubwa mno.

"Unaona? Ndege tu!"

"Umemwona?"

"Kwa vidole."

Walipofungua mlango wa nyumba, harufu ya kitunguu iliwapokea kizingitini. Dada alikuwa ameketi jikoni ndani ya blanketi, kijiko mkononi, rangi imeanza kumrudia mashavuni. "Nina njaa jamani, acheni kunitazama," akasema, na Karani akageukia jiko ili afute macho. Mtaalamu alivua mabuti, akamweleza mkewe kwa kirefu jinsi alivyomponya, kisha akapanda kubadili nguo.

Hatua ya kwanza haikutoa sauti. Ya pili ililia tik.

Mpishi akaacha kumenya. Dada akaacha kijiko hewani. Juu Mtaalamu alikuwa akiimba, akitembea huku na huku, kimya na tik, kimya na tik, wala hasikii. Hakuwahi kusikia kitu ambacho hakikutoka kinywani mwake.

Karani akalitoa daftari, ambalo halikuwa limetoka kwapani tangu ofisini. Chini ya mstari wa mwisho palikuwa na mwandiko mdogo, bado mbichi, usionuka wino. Nambari iliyofuata. *Dume. Mzima. Uzito: mwepesi kuliko sauti yake.*

"Utamwambia?" Mpishi akanong'ona.

"Ya nini, Mama? Ataona kwa vidole."

Akamwongezea dada yake supu. Kisha akapitisha kidole kwenye mstari ule mpaka safu ya mwisho, ile ya saa aliyoachiliwa. Haikuwa imejazwa.